Kuikomboa Shingo: Taarikhi ya Utumwa na Kukomeshwa Kwake
(Hotuba)





Ziko posa zinazorudishwa katika miji ya Waislamu wa Maziwa Makuu, na sababu yake haisemwi hadharani. Kijana ni mwenye kuswali, ana kazi na ana adabu. Lakini mzee mmoja humwinamia mwenziwe akamnong'oneza kwamba babu wa babu yake kijana huyo aliletwa na msafara, kamba shingoni. Basi posa hurudi, na mwenye kuirudisha hujiona amehifadhi uungwana wake. Minyororo ilikatwa zamani, lakini ulimi ungali unaivuta. Kwa ajili hiyo yapasa taarikhi ya utumwa isomwe yote, ya wengine na ya Waislamu wenyewe, pasipo kufichwa kitu.

Utumwa haukuanza na taifa moja wala dini moja. Wayunani na Warumi walikuwa nao, na Waarabu wa zama za Ujahili kadhalika. Uislamu ulipokuja uliifinya milango ya kuingilia na kuipanua ya kutokea. Kumkamata mtu huru na kumuuza ikawa haramu. Kumwacha mtumwa huru kukawekwa kuwa kafara ya mwenye kuua kwa makosa, ya mwenye kuvunja kiapo na ya mwenye kumtamkia mkewe dhihari. Fungu la zaka likatengwa kwa ajili ya kukomboa watumwa. Katika Surat An-Nur mtumwa akapewa njia ya kuandikiana na bwana wake apate kujikomboa. Na Surat Al-Balad ikaihesabu kazi ya kuikomboa shingo kuwa ndiyo njia ya mlima, nzito kuipanda. Sayyidna Abubakar alimnunua Bilal bin Rabah kutoka katika mateso ya Makka akamwacha huru, na Bilal akawa mwadhini wa Mtume (S.A.W.).

Lakini sheria ni jambo moja na matendo ya watu ni jambo jingine. Wafalme na matajiri wa Kiislamu waliipenda milango ya kuingilia wakaisahau ya kutokea. Mwaka 869 watumwa waliofanyishwa kazi katika ardhi za chumvi karibu na Basra, na wengi wao wakiitwa Zanji, waliasi dhidi ya dola ya Abbasi, na vita vile havikwisha mpaka mwaka 883. Watu hawapigani miaka kumi na minne kwa kuwa wamestareheshwa.

Wazungu nao waliufikisha utumwa katika kiasi kikubwa mno. Katika bahari ya Atlantiki walipakiwa Waafrika wapatao milioni 12 na nusu kwenda Marekani, na karibu milioni 2 kati yao hawakufika hai. Miongoni mwa waliofika walikuwamo Waislamu. Huko Bahia, katika nchi ya Brazil, mnamo Januari 1835, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Waislamu watumwa na walioachwa huru waliinuka kwa silaha. Walishindwa, lakini serikali iliogopa hata karatasi walizoziandika kwa herufi za Kiarabu.

Waliofaulu ni watu wa Haiti, walioanza kupigana mwaka 1791 na kutangaza dola yao tarehe 1 Januari 1804. Uingereza ilikataza biashara ya watumwa mwaka 1807, na sheria ya kuuondoa utumwa wenyewe katika makoloni yake ikapitishwa mwaka 1833. Serikali ikatoa fidia ya pauni milioni 20, wakapewa mabwana. Mtumwa hakupata hata senti. Ufaransa ikafuata mwaka 1848, Marekani mwaka 1865, na Brazil mwaka 1888.

Sasa na isikilizwe habari ya Tunis, maana ni wachache waijuao. Mtawala wake, Ahmad Bey, alizaliwa na mama aliyetekwa angali mtoto katika kisiwa cha San Pietro, karibu na Sardinia, mwaka 1798. Mwaka 1841 Bey alikataza watu wasiuzwe sokoni. Mwaka 1842 akatoa amri kwamba kila atakayezaliwa na mtumwa azaliwe huru. Na mnamo Januari 1846 akauondoa utumwa wote, miaka miwili kabla ya Ufaransa na miaka kumi na tisa kabla ya Marekani. Aliwaandikia wanazuoni wa madhehebu ya Maliki na ya Hanafi akitaja hoja zake: kwamba uhalali wa kumilikiwa watu wale una shaka, kwa kuwa wengi walinyakuliwa hali ni Waislamu huru, na kwamba mabwana hawatimizi masharti ya wema yaliyowekwa na sheria. Wanazuoni wakamkubalia. Makadhi na mashahidi wakawekwa, na mtumwa aliyekimbilia zawiya ya Sidi Mahrez akaandikiwa hati ya uhuru wake. Basi asiseme mtu kwamba Waislamu walifundishwa huruma na mizinga ya Wazungu peke yake.

Wala asiseme mtu kwamba pwani na bara yetu zilifuata mfano ule. Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 baada ya Sayyid Barghash kutishwa kwa manowari, na amri ya kuwaacha huru ikaja mwaka 1897. Misafara ya Ujiji, Nyangwe na Kasongo, ya akina Hamed bin Muhammad aliyeitwa Tippu Tip, ilileta msahafu, mpunga na lugha ya Kiswahili. Na misafara hiyo hiyo ilichoma vijiji na kuwafunga watu. Mfalme Leopold alidai kuja Kongo kukomesha utumwa, kisha akawalazimisha watu kuchuma mpira kwa mjeledi na bunduki. Dhulma ya huyu haiifuti dhulma ya yule.

Ndugu, wajukuu wa aliyefunga na wajukuu wa aliyefungwa leo husimama katika safu moja msikitini. Vitabu vya Kishafii hutaja uungwana katika kufu, ni kweli. Lakini vitabu hivyo hivyo husema kwamba kufu ni haki ambayo mwanamke na walii wake waweza kuisamehe. Mtume (S.A.W.) alimwoza Zayd bin Haritha, aliyekuwa mtumwa, binti wa shangazi yake, Zaynab binti Jahsh. Na mufti wa Makka, Ataa bin Abi Rabah, alikuwa mtu mweusi miongoni mwa mawalii walioachwa huru, na Makureshi walikaa mbele yake kujifunza.

Wala kazi haijesha. Saudia iliondoa utumwa mwaka 1962, Oman mwaka 1970, Mauritania mwaka 1981. Hata hivyo Shirika la Kazi Duniani lilikisia kwamba mwaka 2021 watu milioni 27.6 walikuwa katika kazi za kulazimishwa. Mwenye kumpeleka binti wa jirani ng'ambo kwa ahadi ya uwongo, na mwenye kumnyang'anya pasipoti yake, wamefungua upya soko lililofungwa. Na mwenye kumnyima kijana mke kwa sababu ya babu yake, amemrudisha marehemu yule katika kamba aliyokwisha kufunguliwa.

Mwenyezi Mungu azikomboe shingo zetu na Moto, na azikomboe ndimi zetu na kiburi. Amin.