Kabla ya Kulipa Nauli ya Goma



Barabara itokayo Isaka, ikapita Kahama, Masumbwe na Ushirombo hadi Nyakanazi, haikomei nchini mwetu. Mbele yake kuna Rusumo kwa aingiaye Rwanda, na Kabanga kwa aingiaye Burundi. Na kupitia nchi hizo, watu na mizigo hufika Goma, Bukavu na Uvira, mashariki ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tunaomba msafiri wa njia hiyo ajiulize swali moja kabla hajalipa nauli wala kukodi lori: mji niendao unatawaliwa na nani leo?

Swali hilo si la wanasiasa peke yao. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia Goma. Katikati ya Februari wakaingia Bukavu. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na benki zikafunga milango. Kongo ilikuwa mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, lakini uanachama huo haukuzuia lolote kati ya hayo. Serikali ya Kinshasa haiutambui utawala wa waasi. Hivyo, ushuru uliolipwa upande mmoja waweza kukataliwa upande wa pili, na mwenye mzigo akadaiwa tena.

Hapa ndipo bima inapowaponza wengi. Dereva huonyesha Kadi ya Njano ya COMESA akidhani kila kitu kimekingwa. Kadi hiyo hushughulikia madhara ambayo gari lako limewasababishia watu wengine katika nchi zilizomo kwenye mpango huo. Haiukingi mchele wako. Bima ya mzigo nayo hukatwa peke yake, na mikataba mingi ya aina hiyo huondoa hasara itokanayo na vita, uasi au machafuko. Sharti hilo kwa kawaida huwa kurasa za ndani, kwa herufi ndogo, na wakala mwenye haraka hatalitaja. Mwambie akuonyeshe mahali lilipoandikwa, kisha umwulize kwa maandishi kama Goma imo au haimo. Akikataa kuandika, usilipe.

Kwa tiketi ya basi, hakikisha imetaja kituo cha mwisho, na uulize nauli itarudishwaje mpaka ukifungwa. Jambo hilo si la kufikirika: Januari 2024 Burundi iliifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda. Aliyepanga kwenda Bujumbura kwa kupitia Kigali alilazimika kutafuta njia nyingine, na gharama ikawa yake.

Tukiri pia kwamba Kiswahili hutuhadaa. Mtu akisalimiwa Goma kwa lugha yake hujiona yuko nyumbani, akaanza kutoa maoni. Asisahau kwamba askari wa Tanzania walikuwamo katika kikosi cha SADC kilichopelekwa kuisaidia serikali ya Kongo, na baadhi yao walipoteza maisha. Mwenye bunduki kizuizini aweza kuisoma pasipoti yako kwa kumbukumbu hiyo. Jibu ulichoulizwa, wala usipige picha za askari au vizuizi.

Cheti cha chanjo ya homa ya manjano ni lazima kwa aingiaye Kongo, na chanjo yenyewe ichomwe angalau siku 10 kabla ya safari. Anayekuuzia cheti bila sindano anakuuzia karatasi tu.

Mwisho, ubalozi wetu nchini Kongo uko Kinshasa, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka Goma. Ulio karibu zaidi ni wa Kigali. Andika namba za balozi zote mbili kwenye karatasi, na nakala uiache nyumbani, kwa kuwa simu yaweza kunyang'anywa.