Moto wa Nyika na Saa ya Kuuwasha

(Maneno yaliyosemwa barazani, katika Vilima vya Taita)



Nimeombwa niseme nanyi habari za moto wa nyika. Sikuja kuwaambieni ya kwamba moto ni adui. Wengi wetu tumelelewa na mashamba yaliyosafishwa kwa moto kabla ya masika, na mimi ni mmoja wao. Neno langu ni hili: moto ule ule, katika majani yale yale, uliowashwa na mkono ule ule, waweza kufanya kazi njema saa kumi na moja jioni, na kuteketeza nyumba za watu saa nane mchana. Hewa ndiyo iamuayo.

Jani lililokufa halina maji yake lenyewe. Usiku hunywa unyevu wa hewa, mchana huutoa. Alfajiri lina umande, nalo likiwashwa hutoa moshi mwingi na moto mvivu. Jua likipanda hewa hukauka, na majani membamba hufuata hali ya hewa kwa muda wa saa moja hivi. Kigogo kinene hakifanyi haraka namna hiyo. Chaweza kuchukua majuma mengi kukauka, na kikishakauka, mvua ndogo ya jana haikizimi moyo wake. Kwa hiyo mtu asemaye, "Jana ilinyesha, leo hakuna hatari," anajidanganya. Afadhali achukue jani mkononi alikunje: likivunjika kwa mlio, aache kibiriti mfukoni.

Tena kuna upepo. Mwezi wa Januari na wa Februari, kaskazi ivumapo na jua kuwa kali, upepo huinamisha ndimi za moto juu ya majani ambayo hayajaungua, ukayakausha kabla hayajaguswa, na cheche hurushwa mbele kuanzisha moto mwingine. Nasi wakaaji wa vilimani tuna shida yetu ya pekee, kwa maana moto hupenda kupanda. Husemwa ya kuwa mteremko ukizidi kwa digrii 10, mwendo wa moto upandao hukaribia kuwa maradufu. Mtu mwenye miguu mizuri hawezi kushindana nao.

Liko na kosa jingine la fikira, la kudhani ya kwamba mwaka wa mvua nyingi hauna moto. Mvua za vuli za mwaka 2019 sote twazikumbuka, jinsi zilivyozidi kiasi. Majani yakawa marefu, kisha yakakauka. Na mwezi wa Agosti 2020 moto ukaila nyika ya Tsavo, hapo chini yetu. Mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, jirani yetu Kilimanjaro akaungua, kilometa za mraba zipatazo 95. Mvua ndiyo iliyotayarisha kuni.

Nilipokuwa mtoto, baba yangu mdogo alichoma shamba lake asubuhi. Hakuwa mlevi wala mzembe. Aliwaita vijana, moto ukaenda vizuri, na kufika saa nne kazi ikawa imekwisha, wakaketi kula. Kisiki kimoja kilibaki kikifuka moshi mwembamba, na hakuna aliyekijali. Saa nane kikaja kisulisuli, kikachota makaa, kikayatupa ng'ambo ya kijito. Ghala ya mahindi ya mama mmoja mjane ikaungua yote. Mwaka ule baba mdogo alimpa nusu ya mavuno yake, na nyumbani kwake tulikula muhogo mpaka tukauchukia. Kosa lake halikuwa uvivu. Asubuhi ilimdanganya kwa upole wake, hali sehemu mbaya ya siku ilikuwa bado mbele. Achomaye jioni, upepo ukiwa umetulia na hewa ikianza kupoa, ana usiku wa kumsaidia.

Hata hivyo jioni haitoshi, kama hakuna ukanda wa kuzuia moto. Ukanda huo hukatwa majani yangali mabichi. Mwezi wa Agosti ni kuchelewa. Uwe na upana wa angalau mara mbili au tatu ya urefu wa majani, na upaliliwe hata udongo uonekane, maana kufyeka tu na kuacha majani yamelala ni kuutandikia moto mkeka. Fanyeni vivyo hivyo kuzunguka nyumba na ghala, hasa zilizoezekwa kwa nyasi. Jirani na aarifiwe mapema. Anzeni kuchoma upande wa juu, mahali upepo uendako, ili moto urudi nyuma polepole.

Warina asali nao wasinikasirikie. Mwenge uangushwao chini ya mzinga ukasahauliwa waweza kuingia Ngangao, Mbololo au Chawia. Misitu hiyo ni mabaki madogo ya msitu uliokuwa mkubwa, nayo hunasa ukungu na kutunza chemchemi tunazozinywa. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kuwasha moto msituni bila ruhusa. Lakini hata pasipo sheria, mnajua mama zenu watachota maji wapi.

Na moto ukikushinda, piga yowe mara moja, usione haya. Wazimaji wachukue matawi mabichi, magunia yaliyoloweshwa, na majembe ya kutupa udongo. Waanze kwa nyuma, mahali palipokwisha kuungua, waende pembeni wakiubana. Mtu yeyote asisimame juu ya moto kilimani. Watoto wapelekwe mbali, na wazee wasioweza kukimbia waondolewe mapema, kabla moshi haujafika.

Ukishazimika, wawekeni watu wawili wa kulinda usiku huo na mchana wa kesho. Waguse kila kisiki kwa mgongo wa mkono, na kilicho moto kichimbuliwe mizizi, kimwagiwe maji, kigeuzwe, kisha kiguswe tena.