Mshahara wa mwalimu si sadaka



Wengi wetu tunakumbuka: asubuhi unafukuzwa darasani juu wazazi hawajalipa prime. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu vizuri, ni mama wa sokoni na baba wa chukudu ndio walibeba mshahara wao. Katiba ya 2006, kipengele cha 43, inasema shule ya msingi ya serikali ni ya bure. Tulingoja hadi Septemba 2019 ndipo ikaanza kutekelezwa.

Tulifurahi, na tungali tunaitetea. Lakini prime ilipotoka, nini iliingia mahali pake? Watoto walijaa darasani. Walimu wa mjini waliokuwa wanaishi kwa prime walipoteza. Wengine wanafundisha bila jina lao kuwa kwenye listi ya mishahara huko Kinshasa. Kwao mwisho wa mwezi ni siku kama zingine.

Kisha Januari 2025 M23 ikaingia Goma, benki zikafungwa. Hata mwenye mshahara, aende kuutafuta wapi?

Tunadai mambo matatu: kila anayefundisha aandikwe kwenye listi, pesa yake imufikie kule anafundisha, hata katika vita, na mzigo usirudishwe tena kwa wazazi.

Ndugu, ule mwalimu wa avenyu yako, mupitie leo, umuulize kama amelipwa. Tuanzie pale.