Sheria na Mashine ya Kusaga Unga Mambrui



Katika nchi za Ulaya za zamani, mtu aliyelima shamba la bwana mkubwa alilazimishwa na sheria kusaga nafaka yake katika kinu cha bwana huyo, na sehemu ya nafaka ilikatwa kuwa ujira. Watu wa Ufaransa waliichukia desturi hiyo, hata ikafutwa katika mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789. Mwanamke wa Mambrui hakupata kufungwa na sheria ya namna hiyo. Kijaa, kinu na mchi vilikuwa mali ya nyumba yake, na ingawa kutwanga ni kazi ya kuchubua viganja, hapakuwa na mtu wa kumtoza. Walakini sheria ilimfikia kwa njia nyingine: haikuigusa mashine, iliikamata nafaka njiani.

Mambrui, upande wa kaskazini wa Mto Sabaki, ni mji uliozoea nafaka tangu zamani. Katika karne ya 19 mtama na ufuta ulitoka huko kwa majahazi kwenda Unguja na Arabuni, nao ulilimwa na watumwa, jambo lisilofaa kusahauliwa. Mwishoni mwa karne hiyo Wagiriama waliolima kando ya Sabaki waliwauzia mahindi wafanya biashara wa mwambao.

Mwaka 1942, wakati wa vita, Serikali ya Kenya ilishika usimamizi wa mahindi yote ya kuuzwa. Kuyahamisha kutoka wilaya moja hata nyingine kulihitaji ruhusa. Sababu iliyotolewa ni upungufu wa chakula, na kweli njaa ya mwaka 1943 ilikuwa kali. Vita vilikwisha mwaka 1945, ruhusa haikwisha. Mwaka 1959 ilikuja Sheria ya Uuzaji wa Mahindi, na baada ya Uhuru wa mwaka 1963 bodi za Serikali ziliendelea na kazi ile ile, hata usafirishaji ulipofunguliwa Desemba 1993.

Mashine ndogo ya posho husaga kile alichokileta mteja. Mahindi yasipofika sokoni, mashine hukaa kimya. Vinu vikubwa vya mijini vilipata mahindi ya bodi, vikayakoboa na kuyauza dukani yakiwa unga mweupe katika mifuko. Wakubwa wengi wakasema kwamba watu wa mjini wameuchagua unga huo kwa ladha yake. Ruhusa ilipoondolewa, nyumba nyingi za Nairobi, hasa za watu wenye kipato kidogo, zilirudi kwenye mashine za posho, kwa kuwa unga wake ulikuwa rahisi. Kumbe lililowatenga nao halikuwa ladha peke yake.

Siku hizi nafaka hutembea, na sheria humtazama mwenye mashine. Leseni ya biashara yake ni kazi ya Serikali ya Kaunti ya Kilifi. Mizani anayotozea watu kwa kilo sharti ikaguliwe na kupigwa muhuri. Hapa mteja naye yampasa kuangalia. Aliyepima nyumbani kwa pishi, yaani vibaba vinne, amepima ujazo. Mizani hupima uzito, na mahindi yenye maji ni mazito kuliko makavu. Anayeleta mahindi mabichi hulipa ujira wa kusagiwa maji.

Tena maji hayo yana hatari kubwa kuliko hasara ya fedha. Mwaka 2004, katika sehemu za Makueni na Kitui hasa, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafa kwa sumu ya ukungu iitwayo aflatoksini, iliyokuwa katika mahindi yasiyokaushwa vema. Kanuni za Kenya zataka mahindi ya kuuzwa yasiwe na unyevu wa zaidi ya sehemu 13.5 katika 100. Mwaka 2012 iliongezwa amri kwamba unga wa mahindi unaouzwa katika mifuko utiwe madini ya chuma, zinki na vitamini.

Lakini mahindi ya mama aliyeyavuna mwenyewe, akayaleta katika debe lake na kuondoka nayo yakiwa unga, hayakuuzwa wala kununuliwa. Hakuna mkaguzi anayeyasubiri mlangoni. Kipimo chake ni chupa kavu: atie humo punje chache pamoja na chumvi kavu, aitikise, kisha aitulize. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado; yarudishwe mkekani juani.

Wala si mahindi yake tu. Mashine hizi hupondaponda kwa vyuma vinavyozunguka, na unga kidogo hubaki ndani kila mara. Unaotangulia kutoka ni wa mteja aliyepita. Kwa hiyo mama aliyeanika kwa siku nyingi huondoka na kiasi cha unga wa jirani yake, aliyekuja na mahindi mabichi asubuhi ile ile.