Mwanafunzi wa Ng'ambo na Lugha ya Kwao

Leo tutazungumza juu ya mwanafunzi aliyekwenda kusoma mbali na kwao, na yale anayoyabeba moyoni: lugha yake, nyimbo zake, chakula chake. Labda utashangaa kidogo, kwa maana mwanafunzi ninayeanza naye si wa Uvira wala wa Fizi. Ni Mbengali.

Wabengali ni watu wa upande wa mashariki wa Bara Hindi, pale mto Ganges unapoingia baharini. Wengine ni raia wa Bangladesh, na wengi wao ni Waislamu. Wengine ni raia wa India, katika jimbo la West Bengal lenye mji wa Kolkata, na huko wengi wanafuata dini ya Kihindu. Lugha yao ni moja, Kibengali. Ndugu zetu wa Ituri wanawajua, maana askari wa Bangladesh walikuwa huko na kofia za bluu za Umoja wa Mataifa, na tisa kati yao waliuawa karibu na Kafe mwezi wa Februari 2005. Sisi wa Uvira tulizoea zaidi Wapakistani, hadi MONUSCO ilipoondoka Kivu ya Kusini mwaka 2024. Shika majina hayo mawili, Bangladesh na Pakistan, kwa maana zamani zilikuwa nchi moja, na lugha ilikuwa kati ya mambo ya kwanza yaliyozitenga.

Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka, Pakistan ilizaliwa ikiwa na sehemu mbili, mashariki na magharibi, na India yote katikati. Zaidi ya nusu ya raia wake walisema Kibengali. Hata hivyo mwezi wa Machi 1948 kiongozi wa nchi, Jinnah, alifika Dhaka akasema lugha ya taifa itakuwa Kiurdu peke yake. Wanafunzi wa chuo kikuu wakamkatalia mbele ya macho yake. Tarehe 21 Februari 1952 waliandamana, polisi wakapiga risasi. Mmoja wa waliokufa, Abul Barkat, alikuwa akisomea shahada ya pili. Fikiri, kijana mwenye vitabu vyake na mtihani unaomngojea, anakufa kwa sababu alitaka lugha ya mama yake iandikwe katika karatasi za serikali. Katiba ya mwaka 1956 ikaikubali lugha hiyo pamoja na Kiurdu. Damu ilikuwa imekwisha kumwagika.

Ndiyo sababu Mbengali anayekwenda kusoma Ulaya au Marekani haendi na lugha yake kama mtu anayebeba koti. Inamuuma, anaipenda, anataka kuionyesha. Wakikutana wawili watatu, jioni wanafanya kitu wanachokiita adda, yaani kukaa pamoja na kuongea bila haraka, siasa, vitabu, mpira, habari za nyumbani, hadi chai inapoa. Sisi tungesema barza. Mmoja anapiga harmoni, mwingine tabla, na wanaimba nyimbo za Tagore, yule mshairi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1913. Katikati ya Aprili wanasherehekea mwaka mpya wa Kibengali. Na samaki! Mbengali bila wali na samaki anajiona yatima. Anazunguka maduka ya mji wa kigeni akitafuta samaki wa kwao aitwaye ilish, na akimpata amegandishwa kwenye barafu anafurahi kama amepokea barua. Wewe uliyewahi kumfungia mtoto kifurushi cha ndagala kavu aende nacho Kinshasa au Kampala, unaelewa bila kufafanuliwa. (Aliye Bujumbura hana shida hiyo, ziwa ni lile lile.)

Sasa angalia ni nani wanaokaa kwenye barza hiyo. Mara nyingi yuko Mwislamu wa Dhaka na Mhindu wa Kolkata, sufuria moja. Usifikiri babu zao hawakukosana. Mwezi wa Agosti 1946, katika mji wa Kolkata, watu wa dini hizo mbili waliuana siku chache tu na maelfu wakafa. Mwaka uliofuata mpaka ulikatwa katikati ya nchi yao, na watu wengi sana wakakimbia huku na huku na mizigo kichwani. Wajukuu wa wakimbizi hao ndio leo wanaogawana samaki huko ugenini. Tagore mwenyewe alikuwa mtu wa Kolkata na hakuwa Mwislamu. Mwaka 1967 serikali ya Pakistan ilitaka nyimbo zake zisipigwe redioni. Bangladesh ilipopata uhuru ilichukua wimbo wake kuwa wimbo wa taifa, na India nayo ina wimbo wake mwingine. Mshairi mmoja, mataifa mawili.

Lakini barza ya ugenini inaweza pia kufanya kazi ya vita au ya amani nyumbani. Muhammad Yunus alikwenda Marekani mwaka 1965 kwa msaada wa masomo wa Fulbright, akasoma uchumi katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt. Vita vya mwaka 1971 vilipoanza, yeye na Wabengali wenzake huko Tennessee walichapisha jarida dogo nyumbani kwake, wakawaeleza Wamarekani yanayotendeka kwao. Aliporudi mwaka 1972 alijenga nchi kwa mikopo midogo ya wanawake maskini, akapata tuzo ya Nobel ya amani mwaka 2006. Wengine waliofuata walitumia njia nyingine. Mwaka 1998 Wabengali wawili wakaao Vancouver, Canada, waliomba Umoja wa Mataifa uweke siku ya lugha za mama duniani. Ombi hilo halikwenda kwa jina la Wabengali peke yao: walitia sahihi watu kumi wa lugha saba, kati yao Mjerumani, Mchina na Wafilipino. Tarehe 17 Novemba 1999 UNESCO ilikubali, na siku iliyochaguliwa ni ile ya akina Barkat, 21 Februari. Mimi naona hapo ndipo penye uzito wa habari yote. Walitaka lugha yao iheshimiwe, wakamwita mwenye lugha nyingine aiombee heshima pamoja nao.

Turudi kwetu. Mwanafunzi wa Uvira anasoma Bujumbura, Kampala, Nairobi, Dar es Salaam, wengine Ulaya. Juma la kwanza anatafuta watu wa kwao, na hiyo si dhambi. Anaandikishwa katika mitualite: ya Bafuliiru, ya Bavira, ya Babembe, ya Banyamulenge. Mitualite inamsaidia kupata chumba, inamchangia akiugua, inamzika akifa. Nani ataisema vibaya? Shida inaanza pale mitualite inapokuwa ukuta. Watoto waliokaa benchi moja katika shule ya Kimanga au Kalundu wanapishana njiani mjini Nairobi bila kusalimiana. Kisha usiku mmoja wao anashika simu, anarekodi sauti ya dakika tano ya kutukana kabila la mwenzake, anaituma. Asubuhi inasikilizwa Mulongwe, mchana imefika Sange, jioni imepanda milima. Yeye yuko salama kitandani kwake. Anayelipa ni mama anayeuza mihogo kando ya barabara, ambaye lafudhi yake inamtambulisha mara tu anapofungua kinywa.

Sisi tunajua neno linavyoanza na linavyomalizika. Tarehe 13 Agosti 2004 huko Gatumba, ng'ambo ya mpaka wa Kavimvira, zaidi ya wakimbizi 150 waliuawa, wengi wao Banyamulenge. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014 huko Mutarule, katika bonde la Ruzizi, zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao Bafuliiru. Siweki misiba hiyo kwenye mizani nione upi ni mzito. Nakuomba tu, ukisoma, uitaje yote miwili bila kuruka mmoja. Jaribu kuisoma kwa sauti. Utaona ulimi unakataa wapi.

Na Wabengali pia tusiwafanye malaika. Walipopata nchi yao, katiba ya mwaka 1972 ilisema kwamba raia wote wa Bangladesh wanaitwa Wabengali. Mbunge wa milimani, Manabendra Narayan Larma, alisimama bungeni akapinga: yeye ni Mchakma, ana lugha yake, hawezi kuamka Mbengali kwa amri ya karatasi. Hawakumsikiliza. Milima ya Chittagong ikaingia vitani kwa zaidi ya miaka ishirini, hadi mapatano ya tarehe 2 Desemba 1997. Nao wasema Kiurdu waliobaki Bangladesh walikaa makambini bila kuhesabiwa raia. Ni mwaka 2008 tu mahakama kuu ya Dhaka ilipowatambua wale waliozaliwa huko na wale waliokuwa watoto mwaka 1971. Watu waliopigwa risasi kwa ajili ya lugha yao walimtendea mwingine lile lile. Kama iliwezekana kwao, iweje isiwezekane kwa kabila lako au langu?

Sheria yetu, kwa upande wake, haikosi maneno. Kifungu cha kwanza cha Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 kinataja lugha nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kiluba, kisha kinasema lugha nyingine za nchi ni sehemu ya urithi wa utamaduni wa Kongo, na Serikali inazilinda. Hakikuchagua. Kifuliiru, Kivira, Kibembe, Kinyamulenge, zote ziko chini ya mwavuli huo. Na kuna sheria ya zamani kabisa, ya tarehe 7 Juni 1966, inayoadhibu ubaguzi wa rangi na wa kabila. Anayerekodi matusi Nairobi akidhani anafanya utamaduni, anafanya kosa la jinai. Kwamba watu wachache wanashtakiwa kwa sheria hiyo ni kweli, na ni aibu yetu sisi wanasheria.

Basi wewe mzazi, ukimpigia simu mtoto wako Jumapili hii, baada ya kumuuliza habari za masomo na za pesa, muulize pia jioni anakula na nani. Akikutajia majina ya kabila moja tu, usimgombeze; mwulize habari za yule jirani waliyesoma naye shule ya msingi. Na wewe mwanafunzi unayesoma karatasi hii ugenini, tarehe 21 Februari haiko mbali na mtu yeyote. Tafuteni chumba kimoja. Mmoja alete ndagala, mwingine sombe, mwingine maziwa. Kila mtu aeleze habari moja ya kwao kwa lugha ya mama yake, na anayeitafsiri kwa Kiswahili awe mtu wa kabila jingine. Atakosea maneno, mtacheka, mtamsahihisha. Mkimaliza, rekodini hiyo sauti, na hiyo ndiyo mtume nyumbani.