Kinyama Kwenye Jicho la Mbwa: Tusikikate kwa Wembe

Hotuba ya afisa wa mifugo kwa wakazi wa Wadi ya Burat



Hapa Burat mbwa ni askari wa zizi. Fisi akikaribia mbuzi usiku, yeye ndiye anayetuamsha. Akipofuka, hasara ni ya mfugaji. Kwa hivyo leo nazungumzia vinyama vinavyoota kwenye konea, yaani ule utando angavu ulio mbele ya jicho.

Vinyama hivi si vya aina moja. Kuna mbwa anayezaliwa na kipande cha ngozi juu ya jicho, chenye nywele zinazolikwaruza kila anapopepesa. Kuna uvimbe, na mwingine huwa saratani. Kuna pia utando mwekundu unaotambaa polepole, ambao jua kali huuzidisha; huo kwa kawaida hutibiwa kwa dawa ya matone, si kwa kisu. Ndiyo maana ni lazima daktari aangalie kwanza.

Tafadhali, msikate kinyama kwa wembe. Konea ya mbwa haifiki unene wa milimita 1. Wembe ukipenya, maji ya ndani humwagika na jicho huharibika. Msitie pia dawa ya macho iliyobaki nyumbani. Baadhi zina steroidi, ambayo huzidisha kidonda cha konea.

Daktari wa mifugo aliyesajiliwa humlaza mbwa kwa dawa ya usingizi, kisha huondoa kinyama pamoja na tabaka la juu la konea. Kidonda kisicho kirefu hufunikwa na tabaka jipya kwa wiki 1 hadi 2. Ukungu unaweza kukaa zaidi, na pengine kovu likabaki.

Siku hizo kazi kubwa ni ya mwenye mbwa. Tia dawa kwa saa ulizoambiwa. Mvishe kola ya kumzuia kujikuna. Mweke kivulini, mbali na vumbi na miiba, na asiende malishoni. Akifumba jicho kwa maumivu, au likitoa usaha, mrudishe kwa daktari siku hiyo hiyo.

Kumbukeni, mbwa mwenye maumivu huuma. Mfunge mdomo kabla ya kumtia dawa, na achanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa kila mwaka. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali mara moja.

Ukiona doa jipya kwenye jicho, usingoje likue. Mwone afisa wa mifugo mapema.