Kabla ya Kulipa, Tazama Waya

Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vikundi vya kujisaidia vya visiwa vya Lamu

Asanteni kwa kuacha kazi zenu, na wengine kupanda boti kutoka Faza na Kizingitini, ili tukae pamoja. Mimi si injinia. Ni mwanakikundi kama nyinyi, ila nimezoea kufungua vitu na kuvifunga tena. Leo tuzungumze juu ya dishi, ruta na simu ya intaneti, maana pesa zetu nyingi siku hizi zinapotelea huko.

Nianze na mama mmoja wa kikundi chetu. Binti yake alikwenda Dubai kufanya kazi ya nyumbani. Kila akimpigia kwa WhatsApp, hakuna sauti. Mama alipeleka simu kwa fundi mara tatu, na mara tatu akalipa. Zamu yake ya merigoraundi ilipofika, akataka kununua simu mpya. Ndipo aliponiuliza. Jamani, simu ilikuwa nzima! Katika Falme za Kiarabu, simu za sauti za WhatsApp zimezuiwa kwa miaka mingi. Maandishi hupita, na sauti ya kurekodi hupita. Tena ziko programu zilizopewa ruhusa huko, kama BOTIM. Jioni ile ile mama alisikia sauti ya mwanawe. Walilosemezana ni lao wawili.

Basi neno langu leo ni moja tu: kabla ya kulipa, ujue kama kifaa kimeharibika kweli.

Tuchukue televisheni. Tangu Kenya ilipozima mitambo ya zamani mwaka 2015, televisheni ya kale isiyo na king'amuzi haishiki stesheni za kawaida. Si kwamba imekufa. Inahitaji king'amuzi.

Sasa dishi. Satelaiti nyingi za televisheni ziko juu ya ikweta, umbali wa kilomita kama 36,000. Zinazunguka sawa na dunia, kwa hiyo sisi tunaziona kama zimesimama. Lamu iko kusini ya ikweta kidogo tu. Ndiyo sababu dishi zetu nyingi hutazama juu sana, wakati za Ulaya hutazama upande. Dishi linalotazama juu hukusanya maji ya mvua, mchanga na majani. Picha ikikatika, kwanza litazame. Lifute kwa maji baridi, si ya bahari. Tena angalia, je, mwembe wa jirani umekua ukaziba njia? Mwombe ruhusa mkate tawi.

Halafu tazama kiungo cha waya, pale kwenye kichwa cha dishi. Adui yetu mkubwa hapa ni chumvi. Upepo wa bahari unaingia kwenye kiungo, shaba inageuka kijani, picha inakufa. Chomoa king'amuzi na televisheni kwenye umeme kwanza. Fungua kiungo, kata ule mwisho ulioliwa, menya waya upya, funga. Kisha zungushia tepu ya raba kuanzia chini kwenda juu. Ni kama tunavyoezeka makuti, sivyo? La juu hulalia la chini, maji yakateleza. Na kabla waya haujaingia ukutani, uache uning'inie kidogo ili maji yadondoke nje. Lakini mkisikia radi, shukeni. Na umeme wa ukutani msiuchezee, huo unaua. Hapo mwiteni fundi wa umeme.

Ruta nayo ina mambo yake. Nyumba za mawe za mji wa Lamu zina kuta nene za matumbawe. Wengi huiweka ruta ndani kabisa, kwenye kidaka, kwa kuwa hapo inapendeza. Ukuta unameza mawimbi, kisha tunalaumu kampuni! Iweke juu, karibu na ua wa ndani ambako hakuna ukuta mbele yake.

Wengine mnauliza juu ya Starlink, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2023. Ndiyo, inafika mahali ambapo minara haifiki. Lakini pigeni hesabu ya umeme kwanza. Kifaa cha wati 60 kikiwaka saa 5, kinakula 60 mara 5, yaani wati-saa 300. Betri ya volti 12 yenye alama 100Ah ina kama wati-saa 1,200, na ile ya maji haifai kushushwa chini ya nusu. Ongezeni taa na simu, mtaona betri inavyokwisha upesi.

Na msianze kuwauzia majirani intaneti kabla ya kuuliza. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya iliweka utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Kule Kibera, Nairobi, vijana wa Tunapanda wamejenga mtandao wa namna hiyo, unaounganisha shule na vituo vya vijana. Nasi tunaweza, tukifuata njia.

Ombi langu: kila kikundi kichague watu wawili, mmoja awe mwanamke. Wapeni bisibisi, koleo, tepu ya raba na daftari. Kila kifaa kikigoma, waandike siku, chanzo na gharama. Baada ya mwaka mtajua pesa zenu zilikwenda wapi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi
1. Mwaka uliopita tulilipa matengenezo gani, na yapi hayakuhitajika?
2. Nani kati yetu ana jamaa nchi za nje, na wanasikizana kwa njia gani?
3. Tutawachagua nani wawili, na daftari litakaa kwa nani?